Bomboni ya Mama Waridi

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Luc Bagalwa. Leo sina muziki wa kufungulia. Leo namkumbuka Mama Waridi Assumani wa Mabanga, mwenye butiki ya chumvi, sabuni na mafuta. Tumemzika Ijumaa, na mimi bado nina hasira.

Mnaijua shida yetu hapa Goma. Noti ndogo hakuna. Ukinunua chumvi na chenji ikakosekana, unapewa bomboni, pipi ya kunyonya, unaondoka. Tumezoea.

Sasa, muganga Dative wa kituo cha afya cha serikali alikuwa na katoni za kondomu za bure. Zilikuwa zinashika vumbi. Nani atazichukua mezani, mama mkwe wake yuko kwenye foleni? Dative alimlalamikia Waridi. Waridi akamjibu: "Mutu iko na haya ya kuomba. Basi asiombe. Mi nitamupatia tu."

Basi serikali ikatoa katoni, butiki ikatoa mlango. Ukikosa chenji kwa Waridi, unapewa bomboni, na juu yake kondomu, vyote ndani ya karatasi moja. Chenji ni bomboni. Kondomu ni bure. Wenye butiki wengine walifuata, na mwenye baa mmoja pia.

Muzee mmoja alirudi na karatasi yake: "Waridi mutoto wangu, hii sina tena kazi nayo. Niongezee bomboni." Mtaa mzima ulicheka.

Halafu akaja mkubwa mmoja wa ofisi ya afya ya serikali. Alisema: "Mama, kitu ukiitoa mahali pa chenji, umeiuzisha. Kitu ya Leta, ya serikali, haiuzishwe." Waridi alimwonyesha bomboni. Alimweleza tena na tena. Mkubwa hakusikia. Katoni zote zilichukuliwa, zikafungiwa depoti, stoo ya ofisi yake, ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

Wasikilizaji wapendwa, vita ikafika mjini. Mkubwa alikimbia, na ufunguo alikimbia nao. Katoni nyingine hazikuja tena. Mama Waridi aliendelea kwenda kwenye ile ofisi kila Jumatatu, akikaa kwenye benchi, akiuliza nani anaweza kufungua. Kila mmoja alimtuma kwa mwingine.

Dative aliniambia: "Miezi ile nilitangazia wasichana wengi jibu mubaya ya kipimo ya ukimwi. Bengi yao balikuwa bateja ya Waridi. Naye alibajua."

Hilo ndilo lililomla. Presha ilimpanda palepale kwenye benchi, hakufika hospitali akiwa hai. Binti yake Yasmini anasema: "Mama hakukuwa anaomba kitu yake. Alikuwa anaomba bafungue mulango."

Baada ya mazishi, watu wa ofisi wamevunja kufuli. Kumbe nyundo ilikuwepo siku zote. Mvua ilikuwa imeingia depoti, katoni zimeoza, na muda wa kondomu kutumika ulikuwa umepita. Hakuna hata moja ya kuokoa.

Yasmini, na ninyi wote wa familia ya Assumani, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nanyi wenye ofisi, nanyi wenye biashara, usiku wa leo jiulizeni mlango gani mmeufunga, na nani amekaa nje akiwangoja.

Jana nilinunua sabuni kwa Yasmini. Chenji ilikosekana. Alinifungia bomboni kwenye karatasi, bomboni peke yake, akasema, "Papa Luc, unisamehe."