Murielle Aliyegomea Kufuli

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Murielle, fundi cherehani wa hapa Fordsburg, Johannesburg, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Niseme wazi tangu mwanzo: habari hii inanitia kichefuchefu, na sitailainisha.

Murielle alikuwa mama wa sauti kubwa. Kanisani aliifunika kwaya nzima. Mumewe Ignace, kinyozi, anasema, "Mimi nilimusikia mbele ya kumuona." Kiwandani alishona sare za shule, na wenzake walishona wakiitikia nyimbo zake.

Kiwanda hicho kilifungwa kwa kufuli. Kwa nje. Mafundi wakiwa ndani! Tajiri, mwenye kiwanda, alisema anazuia wizi wa vitambaa. Ufunguo alitembea nao mwenyewe.

Siku moja Zabibu, binti wa Tanga, akiwa mjamzito, akaanza kutokwa damu. Wakagonga mlango. Wakapiga kelele. Tajiri alikuwa amekwenda kula. Walipompata kwa simu akajibu, "Namalizia chakula, nakuja." Na kweli, wasikilizaji, alimalizia chakula. Zabibu alimpoteza mtoto wake.

Kesho yake Murielle alifika mlangoni, hakuingia. "Leo siingii," aliwaambia wenzake. "Kufuli itoke kwanza." Wakabaki nje wote: Wakongo, Watanzania, Wazulu. Hawakudai kingine. Kufuli tu.

Tajiri akafanya nini? Alimwita Murielle pembeni, akamwahidi usimamizi. Murielle akakataa. Tajiri akawaambia wazawa kwamba wageni ndio wanaowaharibia kazi. Hawakumsikiliza. Akatishia kuwaita watu wa uhamiaji. Akaingiza mafundi wengine kwa mlango wa nyuma, wamo Waswahili wenzetu, na hao nao akawafungia. Mwisho, asubuhi ya baridi ya Juni, akawaamuru walinzi wawamwagie wagomaji maji kwa mpira. Akina mama! Kwenye baridi ya Johannesburg! Yeye anatazama dirishani, kikombe mkononi. Eish.

Murielle hakuondoka. Alisimama na nguo mbichi mpaka jioni. Nyumbani Ignace akamsihi apumzike.

"Nikibaki hapa," akamjibu, "atasema tumechoka."

Akarudi getini akikohoa. Kichomi kikamwangusha. Murielle alifia hospitalini.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Tajiri alituma shada la maua msibani, limeandikwa jina la kampuni. Ignace alilibeba mwenyewe hadi getini, akaliweka chini, akamwambia mlinzi, "Muambie bwana yako, sisi hatuna pa kuyaweka."

Baada ya mazishi wagomaji walirudi pale pale. Wale wa mlango wa nyuma, walipofunguliwa jioni, wakakataa kuingia tena, wakasimama nao. Kazi ikalala. Kufuli ikatolewa.

Siku hizi tajiri huwaonyesha wageni mlango ulio wazi. "Hapa tunawajali wafanyakazi," anajisifu. Jina la Murielle halitaji kabisa. Zabibu bado anashona hapo. Ameniambia, "Nikimsikia natamani kutapika. Lakini namjua aliyeufungua ule mlango, na nitamtaja mimi."

Ignace, watoto, na ndugu wa Bukavu, pokeeni pole zetu. Mungu awashike mkono.

Nawe msikilizaji unayetafuta kazi: ukiitwa kiwandani kwa haraka, ukapitishwa nyuma, uliza kwanza waliokuwepo wako wapi. Kisha zunguka mbele, ukawatazame usoni.