Bi. Genoveva Kokugonza Anastaafu, Fomu Moja Ikiwa Mezani

Tunawaomba radhi wasomaji wetu kwa kimya kirefu. Jarida hili halijatoka tangu Pasaka. Aliyekuwa akipanga kurasa zake na kuwasumbua waandishi wavivu ni Bi. Genoveva Kokugonza, na tangu mwezi wa Juni goti lake halijampa nafasi. Ijumaa, tarehe 31 Julai, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha kuwasaidia wahamiaji hapa Langley Park. Amewajazia watu fomu za bima zisizo na idadi. Iliyobaki ni moja, ya kwake mwenyewe, na mwisho wa kuipeleka ni Alhamisi, tarehe 6 Agosti.

Bi. Genoveva alikuwa mwalimu wa hesabu huko Kamachumu kabla ya kuja huku Maryland. Kituo kilimwajiri kama mpokea wageni. Dawati la bima halikuwapo; alilianzisha yeye, kwa meza iliyookotwa na kiti cha kuazima, alipoona watu wakifika na barua za kampuni za bima ambazo hawakuzifungua kwa hofu.

Alichofundisha miaka yote hiyo si kigumu. Bima nyingi za gari za hapa zina mafao yanayomlipia majeruhi matibabu na sehemu ya mshahara aliokosa, bila kuuliza kosa ni la nani. Jambo hilo ni rahisi kulieleza, lakini watu wetu wana shida kuliamini. Kila aliyefika alianza kwa kuonyesha ajali yake mezani: stepla ni lori, kikombe cha chai ni gari lake, miwani ya Bi. Genoveva ni taa za barabarani. Alimwacha mtu amalize, kisha akakusanya vyombo vyake. "Nimekuelewa. Sasa nipe bili ya daktari."

Wengi wanamkumbuka kwa habari ya Festus, mpakizi wa mizigo katika ghala moja la Landover. Festus aligongwa akivuka barabara mahali pasipo na kivuko, akaamini kwamba hastahili chochote. Kundi la simu likaanza kumchangia. Bi. Genoveva akaandika humo kwamba mchango usimame kwa wiki moja. Alitukanwa kwa heshima, kama tunavyotukanana sisi: "Mama, hapa kwetu mgonjwa hatumjazii makaratasi." Alijaza hata hivyo. Bima ya gari lililomgonga ililipa hospitali, Festus akapona, na kundi likabaki na nyama choma ya kumpongezea.

Jambo moja wengi hawalijui: Bi. Genoveva hajawahi kumiliki gari. Anapanda basi, na ujenzi wa reli ulipohamisha kituo cha basi mara tatu, alihama nacho bila kulalamika sana.

Tarehe 7 Juni alivunja desturi yake. Baada ya ibada mjini Washington, Tito, kijana wa kwaya, alimpa lifti. Kwenye makutano ya barabara gari lao likagongana na jingine, na hadi leo kila dereva anasema taa ya kijani ilikuwa yake. Tito hakuumia. Goti la Bi. Genoveva liliumia, na daktari amemwambia wazi kwamba asipofanya mazoezi ya tiba kwa miezi mitatu, atatembelea fimbo. Alihudhuria mara mbili, akaona bili, akaacha.

Sasa, bima ya Tito ina mafao hayo hayo. Mjini Washington, anakoishi Tito, mwenye gari huamua mwenyewe kuyaongeza, na Tito aliyaongeza kwa ushauri wa Bi. Genoveva. Majeruhi naye hupewa siku sitini tangu siku ya ajali kuchagua: ayachukue, au ayaache na kubaki na njia ya mahakama. Akiyachukua, hawezi kushtaki isipokuwa ameumia vibaya sana. Mtu aliyewaeleza wengine sheria hiyo kwa miaka ishirini na sita ameikalia fomu yake kwa siku zaidi ya hamsini. Tulipomuuliza sababu, alijibu kama wateja wake wote: "Nitamshtakije mtoto aliyenipa lifti?"

Akinyi, anayerithi dawati hilo, hakumstahi. "Mama, hii si kesi. Hii ukiikataa, chenye kitabaki ni korti, na korti ndiyo itataka useme nani alikosa. Hapo sasa ndipo utamshtaki Tito."

Bi. Genoveva alimwambia Akinyi kwamba ataiweza kazi. Fomu hakuigusa. Tito naye, kwa aibu, huja kila Jumamosi na mfuko wa ndizi. Huzungumza habari za kwaya, za mvua na za bei ya unga, kisha huaga.

Bi. Genoveva, umetufundisha kufungua barua bila kutetemeka, kutunza nakala, na kutosaini tusichokisoma. Kwa hayo yote tunakushukuru. Ustaafu wako uwe na asubuhi zisizo na haraka, wageni wasiobeba bili, na goti linalopanda ngazi za kanisa bila kuuliza ruhusa. Hilo la mwisho linakutegemea wewe.

Tukiwa tunakwenda mitamboni, Tito ametupigia simu akicheka. Bi. Genoveva alimpigia jana na kumwomba namba ya bima yake, akisisitiza kwamba anataka kuiona tu.

"Mama," Tito alimjibu, "iko kwenye faili lako. Wewe ndiye uliyeiandika."

Bi. Genoveva akamuuliza kama Jumamosi hii anaweza kufika bila ndizi, aje na kalamu. Hajasema kama atasaini. Atakapoamua, tutawaandikia.