Jibu Alilodaiwa Mashimba

Ilikuwa mwaka 1995, kiangazi, msimu wa kuuza pamba. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa ajili ya aliyechelewa kuisogelea redio yake: mwaka 1995, kiangazi, Igoma, pembezoni mwa mji wetu wa Mwanza, katika banda la video la Mzee Chenge. Huko ndiko yalikotokea tunayoyakumbuka leo.

Tunamkumbuka Mashimba Ngosha, mtafsiri wa filamu. Alituaga mwezi uliopita kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa kwao, jirani na Bujora. Tulipokwenda kumpa pole mjane wake, Bi Rebeka, alitukaribisha, akatupa viti, kisha akatupa na sharti.

"Msimfanye malaika," alisema. "Mume wangu alikuwa na wivu. Mkiuficha wivu wake, mtakuwa mmemkumbuka mtu mwingine, siyo huyu niliyempikia."

Basi hatutauficha.

Mnaikumbuka miaka ile. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Televisheni, deki za video na majenereta viliingia mjini kama vile vilikuwa vimengoja nyuma ya pazia. Mzee Chenge akajenga banda la mabati, akaiweka televisheni juu ya meza ndefu, akapanga mabenchi kushoto na kulia, katikati akaacha njia. Lakini filamu zilisema Kiingereza, na watazamaji wa Igoma hawakukijua Kiingereza. Kwa hiyo akawaajiri watu wawili wa kusimama kandokando ya televisheni na kutafsiri. Wa kulia aliitwa Severine Rwehumbiza, mwenyeji wa Kagera, aliyesoma seminari ingawa upadre haukumfikia. Wa kushoto alikuwa Mashimba.

Filamu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa zile za askari wawili, zilizokuja sehemu baada ya sehemu. Askari mmoja alikuwa mnene, mwoga, mtiifu kwa kila sheria iliyoandikwa. Mwenzake alikuwa mwembamba, na mguu wake haukupata kuikanyaga breki hata siku moja. Majina yao ya Kizungu hakuna aliyejisumbua nayo. Watu wa Igoma waliwabatiza wenyewe: mnene wakamwita Kanuni, mwembamba wakamwita Hanabreki. Severine alikuwa sauti ya Hanabreki. Mashimba alikuwa sauti ya Kanuni.

Kila asubuhi kabla ya onyesho waliitazama filamu wakiwa peke yao. Severine alieleza Kiingereza kinasema nini, na Mashimba akayavika maneno nguo za kwetu.

"Hapa Kanuni anasema gari ni mali ya serikali," Severine alimwambia siku moja.

"Nani atacheka hapo? Mwache aseme, 'Hanabreki, ukiligonga gari hili, watanikata mshahara mpaka kwa mjukuu wangu.'"

Severine alishika mbavu. "Ngosha, Kiingereza hukijui, lakini filamu unaijua!"

"Nanyi Wahaya Kiingereza mnakijua. Filamu ndiyo iliyowashinda."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Katika kila sehemu ya filamu ile palikuwa na mahali Hanabreki aliponaswa, shimoni au juu ya paa, akawa hana pa kutokea. Hapo Severine aliita kwa sauti ya mtu anayezama: "Kanuni, upo?" Mashimba alivuta pumzi, akavuta na mdomo, akajibu: "Nipo, ila sijapenda." Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Maneno hayo yalitoka bandani yakaenda mjini. Mama alimwita mwanawe aliyetumwa maji, "Upo?", naye akajibiwa kutoka bombani, "Nipo, ila sijapenda." Bi Rebeka anasema aliyasikia hata kanisani, siku ya usafi, kutoka kwa mwanakwaya aliyekabidhiwa ufagio.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ili muuelewe wivu wa Mashimba, yawapasa mjue alikokulia. Baba yake alikuwa mtunzi wa nyimbo katika ngoma ya Bagalu. Nanyi mnajua ngoma za Usukuma zinavyoshindana. Bagalu hucheza hapa, wapinzani wao Bagika hucheza pale, uwanja mmoja, saa ileile. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Hukumu hutolewa na miguu ya watazamaji: wakihamia kwa mwenzako, umeshindwa. Mashimba alipokuwa mtoto alimwona baba yake akibaki na uwanja mtupu mbele yake, vumbi tu, na watu wote wamempa mgongo. Baba yule alirudi nyumbani, na hakutunga wimbo tena mpaka kufa kwake.

Mtoto aliyeyaona hayo akawa mtu mzima aliyesimama kushoto kwa televisheni. Ilipoonyeshwa sehemu ya pili ya filamu ile, aliona miguu inahama.

Ilianza kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Katikati ya onyesho aliinuka benchi la kushoto, akavuka njia, akajibana benchi la kulia. Kesho yake wakahama vijana wa gereji. Baada ya wiki chache, upande wa Severine watu walibanana kama dagaa kwenye gunia, na upande wa Mashimba kuku angeweza kutembea akidonoa bila kumkanyaga mtu. Mashimba aliacha kuitazama televisheni. Alitazama magoti ya watu, yameelekea wapi. Severine alipochekesha, kicheko kilimchoma. Yeye mwenyewe alipochekesha, kicheko kilimchoma zaidi, kwa sababu kilitoka kulia.

Nyumbani hakulala vizuri wala hakula vizuri.

"Leo umecheka," alimwambia mkewe.

"Nimecheka, ndiyo. Kwani nilikuja matanga?"

"Umecheka Hanabreki alipoanguka kwenye pipa."

"Baba Kija, mtu ameanguka kwenye pipa la samaki waliooza. Ulitaka niombe dua?"

"Ulikaa kulia."

"Nilikaa palipokuwa na watu!"

Jibu hilo lilimkata maini. Akaamua kufanya yale ambayo wachezaji ngoma hufanya wakikimbiwa. Alikwenda kwa mganga mmoja huko mbele ya Kisesa, akarudi na dawa ya kuvuta watu, nyeusi, nzito, iliyokorogwa kwa asali. Asubuhi, kabla ya Severine kufika, akaipaka chini ya mabenchi yote ya kushoto. Dawa ilivuta kweli. Ilivuta siafu. Filamu ilipokolea, wale wachache waliombakia waliruka wakijipiga mapaja, wengine suruali mkononi, wakakimbilia upande wa kulia, na banda likacheka kuliko lilivyowahi kuchekea filamu yoyote. Severine naye alicheka. Hakujua lolote. Alifoka kwenye kipaza sauti kwa sauti ya Hanabreki: "Kanuni, watu wako umewapa nini?"

Mashimba alitabasamu kwa midomo. Moyoni aliandika.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu, kiangazi kile cha 1995. Wakulima walikuwa wameuza pamba, na Jumamosi moja walikuja hata kutoka Magu kuitazama. Watu walikaa, walisimama, walichuchumaa njiani. Benchi la mbele kushoto alikaa mzee mmoja mkulima wa Kisesa, ambaye, ukiiacha siku ya siafu, hakuwahi kuhama tangu sehemu ya kwanza. Mashimba alimtegemea mzee yule kama nguzo ya nyumba. Maadamu yupo, uwanja haujawa mtupu.

Filamu ikafika mahali pake. Hanabreki amefungiwa ndani ya ghala linaloungua. Moshi umejaa. Watu wameegemea mbele, midomo imeshaanza kufunguka, kila mtu anangoja kucheka. Severine akaita: "Kanuni, upo?"

Mashimba akavuta pumzi. Na katika pumzi hiyohiyo akamwona mzee wa Kisesa anainuka, anashika fimbo yake, anavuka njia, anakwenda kulia.

Pumzi ikabaki ndani.

Kwenye televisheni mdomo wa Kanuni ulicheza, na bandani hakuna sauti. Severine akaita tena: "Kanuni, upo?" Mashimba alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, mzima wa afya, amefunga midomo kama mtu aliyeshikilia misumari kwa meno. Alitaka waone. Alitaka wajue huyo Hanabreki wao ni nini bila mwenzake. Severine akajaribu kujijibu kwa sauti nzito ya Kanuni, ikamkatikia kooni. Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha kumcheka yeye. Kisha wakapiga miluzi, wakapiga mabati, wakadai viingilio vyao, na Mzee Chenge akazima jenereta.

Mlangoni Severine alimngoja. Hakupaza sauti. "Ngosha, nimekukosea nini?"

Mashimba akapita. Swali hilo nalo hakulijibu.

Severine aliacha kazi. Alihamia Kiseke, akauza vipuri vya baiskeli. Mashimba akabaki na banda zima, kushoto na kulia, sauti zote mbili ni zake. Alikuwa amepata alichokitaka. Lakini Hanabreki wake alikuwa mzito kama Kanuni, na Kanuni wake hakuwa na wa kumchokoza. Watu walitoka wakinung'unika, "Angekuwepo yule Mhaya." Basi akaanza kumwonea wivu mtu ambaye hata hayupo. Binti yake, Kija, anakumbuka: "Baba alikuwa akisikia baiskeli inapita nje, anauliza vipuri vyake vimenunuliwa wapi." Mwaka uliofuata banda lilifungwa.

Tunavuka mpaka mwaka 1998. Kiangazi tena, pamba tena. Mashimba alikuwa akipima pamba kwa mnunuzi mmoja huko Kisesa. Katika foleni akamwona mzee mwenye fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah! Wewe si Kanuni? Mbona umetutupa?"

Mashimba alilibeba jambo lile miaka mitatu, na sasa likamtoka bila salamu nyingine. "Mlinitupa ninyi. Wewe mwenyewe, mzee. Siku ya ghala la moto, uliinuka ukahamia kwa Severine."

Mzee akamtazama kama anayetazama mzani mbovu. "Kwa Severine? Mwanangu, ukikaa kushoto, wewe umesimama juu ya kichwa cha mtu. Nilikuwa naona mkanda wako wa suruali tu. Wenzangu waliniambia, kaa kulia, ndiko anakoonekana vizuri. Miaka yote nasikia watu wanasimulia unavyovuta mdomo ukisema hujapenda. Siku ile nikasema, leo na mimi nitauona huo mdomo. Nimefika kule, nimekaa, nimekutazama. Ukanyamaza."

Si wote waliohama kwa sababu hiyo, wasikilizaji wapendwa. Wapo waliomfuata Severine, na Mashimba alijua hivyo mpaka mwisho wake. Lakini wengi waliovuka njia ile walivuka ili wamwone yeye. Alikuwa amehukumu banda la video kwa sheria ya uwanja wa ngoma, na hukumu aliyoitoa ilimwangukia mtu asiye na kosa.

Bi Rebeka anasema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani, akakaa uani, akauliza jambo moja tu: "Severine yuko wapi siku hizi?"

Kabla hatujafika alikokwenda, tutekeleze wajibu wetu. Tunawapa pole Bi Rebeka, na binti yake Kija, na ukoo wote wa Mzee Ngosha. Tunampa pole Severine Rwehumbiza, aliyechimba kaburi kwa mikono yake ingawa si ndugu wa damu. Marehemu apumzike kwa amani. Nawe unayetusikiliza, uwe jikoni au dukani, zima kelele nyingine kwa muda mfupi ujiulize: ni nani aliyekuita, ukamsikia vizuri, ukanyamaza? Kama yu hai, njia ya kumfikia ipo.

Mashimba aliipata njia hiyo Jumamosi iliyofuata. Sehemu ya nne ya filamu ile ilikuwa imefika Igoma, na mwenye banda jipya, ng'ambo ya barabara ya Musoma, alimbembeleza Severine mpaka akakubali kurudi kuitafsiri, peke yake. Mashimba alifika saa tisa alasiri. Aliona haya kuingia. Akazunguka nyuma, akasimama kwenye majani, sikio kwenye mabati yenye joto.

Alisikia matairi yanalia. Alisikia watu wanacheka. Hakuweza kuona wamekaa upande gani, wala magoti yao yameelekea wapi. Kisha Hanabreki akanaswa, na Severine akaita: "Kanuni, upo?"

Akanyamaza. Hakujijibu. Tangu sehemu hiyo ya nne ianze kuonyeshwa alikuwa akipaacha mahali pale hivyohivyo, patupu, na watazamaji wakipajaza wenyewe.

Kabla hawajapajaza, mabati ya nyuma yakatoa sauti.

"Nipo, ila sijapenda!"

Banda likapasuka. Watu waliipa televisheni mgongo, wakaugeukia ukuta. Kipaza sauti kikakwaruza kidogo, kisha Severine akasema polepole, "Umechelewa, Kanuni."

"Nimechelewa," sauti ya nje ikajibu. "Na lile swali lako la mlangoni, jibu lake ni hili: hukunikosea kitu."

Watazamaji walicheka tena, wakidhani ndivyo filamu inavyosema. Severine hakucheka. Aliweka kipaza sauti mezani, akawaacha askari wale wacheze midomo bila sauti, akaenda kufungua mlango.