Mervyn Petschel, Fahali Aliyesogea

Ndugu waombolezaji, mimi ni Elva, dada wa marehemu, mdogo wake na wa pekee. Familia ilipendekeza mchungaji ausome wasifu huu. Nilikataa, kwa sababu mchungaji bado ni mgeni, amekaa hapa miaka kumi na moja tu, na mengi ya haya hakuyaona kwa macho yake.

Mervyn August Petschel alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1941, katika nyumba yetu ya shambani, maili tatu kaskazini mwa mji huu wa Wirrabil, jimboni Victoria, Australia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Otto na marehemu Hulda Petschel. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla, na Baba alikuwa akipanda ngano, kwa hiyo habari za mtoto wa kiume alizipata kwa jirani aliyempigia kelele kutoka uzioni. Baba akauliza, "Ana urefu gani?" Alipojibiwa akasema, "Huyo atadaka mpira," akaendelea kupanda. Mervyn alibatizwa mwezi uliofuata katika kanisa hili hili.

Alianza masomo mwaka 1947 katika shule ya Kilutheri ya Wirrabil, akaacha Desemba 1955 akiwa na miaka kumi na minne, kama walivyofanya watoto wengi wa wakulima. Hesabu alizimudu. Kuandika hakukupenda hata kidogo, na barua zote za familia hadi juzi nimeziandika mimi. Mwalimu wake alimwambia Mama kwamba mvulana huyu ana akili nyingi, ila zote zinatazama nje ya dirisha. Nje ya dirisha lile ulikuwapo uwanja wa mpira.

Baada ya shule alifanya kazi na Baba: ngano, shayiri, kondoo. Baba alipozeeka shamba likawa lake, akalilima hadi mwaka 2011 alipomkabidhi mwanawe Rodney. Alikuwa fundi hodari wa kuchomelea vyuma, na hakuna aliyeko hapa leo mwenye shamba ambaye geti lake halijapita mikononi mwa Mervyn. Kondoo walimpenda. Mbwa walimpenda zaidi, na walimwibia chakula mezani huku akitazama.

Lakini jina lake lilijulikana kwa mpira, na hapo sina budi kusimama kidogo.

Katika mpira wetu wa Kiaustralia, ambao kila mchezaji hudaka kwa mikono na goli moja ni pointi sita, yule mrefu anayesimama mbele kabisa karibu na nguzo ndiye anayepelekewa mipira ya juu aidake na kufunga. Ni nafasi ya mtu mmoja. Mervyn aliishika akiwa na miaka kumi na minane, na Wirrabil hawakumfikiria mwingine. Kule Dunmoyle, maili tisa kutoka hapa, alikuwapo Vincent Garrity, ambaye sote tunamwita Vin, naye alikuwa mfalme wa kwao. Walichukiana vizuri sana, kwa adabu, kila mwaka mara mbili.

Ukaja mwaka 1966. Mashine zilikuwa zimechukua kazi za watu, vijana wamehamia Melbourne, na hakuna mji kati ya miwili hii ulioweza kupata wachezaji kumi na wanane. Klabu zikaunganishwa kwa mwaka mmoja wa majaribio. Msimu ukiisha, kila mji ungepiga kura, na mmoja ukikataa, yote miwili ingebaki bila timu. Huku kwetu timu ikifa, shule hufuata, na duka hufuata shule. Mervyn aliliogopa jambo hilo kuliko yeyote, kwa sababu mwenyekiti wa upande wetu alikuwa Baba, na Baba alishatangaza mezani kwamba hataki.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Na wale tena ni Wakatoliki."

Mechi ya kwanza ilichezwa Jumamosi, tarehe 16 Aprili. Jezi mpya ilikuwa na bluu yetu na kijani chao, ikafanana na godoro la hospitali. Mervyn akaenda kusimama mbele ya nguzo. Vin naye akaenda kusimama palepale. Mpira wa kwanza wa juu ulipokuja, wote wawili waliukimbilia huku wakitazama mawinguni, na mlio wa vichwa vyao niliusikia mimi niliyekuwa kibandani nikiuza pai za nyama. Walipelekwa hospitali ndogo ya Dunmoyle, wakalazwa vitanda viwili vilivyopakana, na muuguzi mmoja kijana akaja na sindano.

"Nyie ni wa timu pinzani?" akauliza.

"Timu moja, Sista," akajibu Mervyn.

"Basi wale wengine leo walikuja kufanya nini?"

Vin akasema, "Sista, mwambie huyo pale golini ni kwangu."

"Mwambie huyo nilisimama golini yeye hajaota hata ndevu."

"Nyamazeni," akasema muuguzi, "au nitawashona pamoja."

Huyo alikuwa Noreen Tasker, na kaka yangu hakuwahi kulalamikia lile kovu.

Kocha wetu alikuwa marehemu Stan Wedlock, mwoka mikate. Kila Alhamisi baada ya mazoezi aliwaomba mmoja wao asogee nje, kuelekea katikati ya uwanja. Ni nafasi ya kukimbia kutwa nzima, udake, umpe mwenzako, kisha mwenzako abebwe mabegani. Hakuna aliyetaka. Watu wakasema washambuliaji wawili warefu hawawezi kucheza pamoja, na sisi tukafungwa mechi nne mfululizo ili kuwathibitishia.

Mwisho wa Mei Mervyn alisimama katika chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mkononi, akasema, "Basi, nitatoka mimi. Vin hawezi kukimbia, ana miguu ya meza."

Chumba kizima kilicheka. Vin naye alicheka, baada ya kufikiri kidogo.

Juzi Vin alisoma haya jikoni kwangu, akapiga meza. "Andika ukweli, Elva! Alitoka kwa sababu jua likimpiga usoni alikuwa haoni mpira." Nimemwambia asubiri wasifu wake, huko tutaandika anavyotaka.

Tangu siku ile tukaanza kushinda, na nyumbani mambo yakaanza kuharibika. Baba alinuna. "Nimelea mshambuliaji," alisema, "sasa nina mtumishi wa Garrity."

"Timu inashinda, Baba."

"Timu ya nani?"

Mnajua tunavyotazama mpira: magari yamezunguka uwanja, pua zikitazama ndani, goli likifungwa tunapiga honi. Mwaka ule Wirrabil waliegesha upande wa misonobari na Dunmoyle upande wa ubao wa matokeo. Akifunga Mervyn, misonobari ililia na ubao ukanyamaza. Akifunga Vin, ikawa kinyume. Na kwa kuwa Mervyn sasa alikuwa akimlisha Vin, upande wetu tulikaa kimya kama maji mtungini, wiki baada ya wiki, huku timu yetu wenyewe ikiongoza. Kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo mimi sijaiona, na nilifundisha watoto miaka thelathini na minne.

Nusu fainali ilichezwa hapa Wirrabil, Jumamosi, tarehe 3 Septemba. Nilikuwa kiti cha nyuma katika gari la Baba, Holden, Mama mbele na chupa ya chai. Tulikuwa nyuma kwa magoli mawili. Mervyn akaruka juu ya watu wawili, akadaka, nguzo ziko mbele yake wazi. Angeweza kupiga mwenyewe. Lakini alimwona Vin yuko peke yake karibu zaidi, akampigia, Vin akadaka na kufunga. Upande wa ubao, honi zikapasua anga. Upande wetu, hata mkoromo wa injini haukusikika.

Mpira ukawa unarudishwa katikati. Nikamwona Mervyn anakuja, lakini si kwenye nafasi yake. Alikuwa anakuja kwetu. Akaruka uzio, matope mpaka kiunoni, akaingiza nusu ya mwili kupitia dirisha la dereva.

"Toa mkono wako mchafu kwenye gari langu," akasema Baba.

"Hilo ni goli letu, Baba. Bonyeza wewe au nibonyeze mimi."

"Goli la Mkatoliki!"

"Kwenye ubao wameandika pointi sita, Baba. Dhehebu hawakuandika."

Akaweka kiganja chake chote juu ya honi, akakiacha hapo. Baba alimvuta kidole kimoja kimoja, na kila alipotoa kimoja kingine kilirudi. Huku uwanjani mpira ukawa umeanza, mpinzani ambaye Mervyn alipaswa kumkaba hakuwa na wa kumkaba, akaenda akafunga bila wasiwasi. Maneno ya Stan Wedlock siwezi kuyasoma kanisani. Mervyn akaruka tena uzio, akarudi mbio.

Kisha Mama, ambaye hakuwahi kuingilia mambo ya mpira, akafunga chupa ya chai na kusema, "Otto, akija tena atachafua na viti."

Vin alipofunga tena, magari mawili matatu ya upande wetu yakapiga honi, kwa woga kwanza. Baba alitazama mbele. Halafu akabonyeza, mara moja, fupi, kama mtu anayekohoa kanisani. Mervyn alikuwa mbali, mgongo umetuelekea. Hakugeuka, ila aliinua mkono mmoja juu, nami nikalia kule nyuma kwa furaha mpaka Mama akanipa leso.

Tulishinda siku ile. Fainali tulifungwa vibaya, nayo haina haja ya kusimuliwa. Mwezi wa Oktoba kura ilipopigwa ukumbini, Baba aliinua mkono wa ndiyo kabla ya watu wote, akaomba asiulizwe swali lolote. Hakuulizwa.

Mervyn na Vin walicheza pamoja misimu tisa, hadi mwaka 1974, wakachukua ubingwa mwaka 1969 na 1972. Magoli mengi yalikuwa ya Vin. Miaka yote iliyofuata, mtu akimuuliza Mervyn baani kama washambuliaji wawili warefu wanaweza kucheza pamoja, alijibu, "Hawawezi kabisa," kisha akamwagizia Vin bia.

Mervyn na Noreen walifunga ndoa hapa tarehe 9 Machi 1968. Vin alikuwa msimamizi wa bwana harusi, na Baba akakaa benchi moja na ukoo mzima wa Garrity, akawapisha nafasi. Mungu aliwajalia Mervyn na Noreen watoto watatu, Lynette, Rodney na Meredith. Walikuwa watu wa kutaniana. Noreen alimwambia mbele ya wageni kwamba alikubali kuolewa naye kwa sababu kazi yake ya sindano ilikuwa nzuri, akaona haya kuiacha ipotee. Mervyn alijibu kwamba angeweza kumshona Vin vizuri zaidi, ila uso ule ulihitaji kazi kubwa mno. Waliishi pamoja miaka hamsini na mitano, na sikuwahi kuona nyumba iliyocheka kuliko ile.

Februari 2019 alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukalala. Miguu iliyokimbia misimu tisa ikakataa. Tulidhani huzuni itamuua kabla ya ugonjwa, lakini Jumamosi ya kwanza ya msimu Vin aligonga mlango, akamtia kwenye gari, akampeleka uwanjani. Akawa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kuzunguka nyasi, hadi upande ambao timu yetu inashambulia. Robo ya mchezo ikiisha na timu zikibadilishana nguzo, Vin alimsukuma mpaka upande wa pili. Naye Vin ana magoti mabovu na kifua kinachopiga filimbi.

"Tupumzike kidogo, Merv," alimwambia siku moja, nikiwasikia.

"Miaka tisa nilikukimbilia," akasema Mervyn. "Sukuma."

Akasukuma. Alisukuma misimu mitano, isipokuwa pale viwanja vilipofungwa kwa ajili ya korona.

Mwaka huu klabu imepata vijana wawili warefu, wazuri wote, na kocha alikuwa akifikiria kumwacha mmoja benchi kwa hoja ile ile ya zamani. Mwanzoni mwa Mei Mervyn aliugua nimonia, akalazwa. Jumapili iliyopita alikuwa hawezi tena kusema. Vin aliketi karibu naye, akamweleza habari za vijana hao, akamuuliza, "Tumchezeshe yupi?" Kaka yangu alifumbua macho. Akainua mkono wa kushoto kutoka kwenye shuka, akaonyesha vidole viwili, akavishikilia juu hadi alipohakikisha Vin ameviona. Kocha ameambiwa, na kesho watacheza wote wawili.

Alifariki Jumanne, tarehe 16 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Noreen.

Marehemu ameacha mjane, Noreen. Watoto watatu, Lynette, Rodney na Meredith, na wenzi wao. Wajukuu saba na kitukuu mmoja. Na dada mmoja, mimi. Nilipokuwa nikiandika orodha hii, Vin alisimama nyuma yangu akaona nimemweka pamoja na marafiki. Akasema, "Usiniweke hapo." Nikamuuliza anataka awekwe wapi. Akachukua kofia yake, akatoka nje. Kwa hiyo namweka hapa, mwishoni mwa ndugu na kabla ya watu wengine wote: ameacha pia Vincent Garrity, aliyecheza naye.

Udongo wa Wirrabil umpokee kwa upole, na Bwana ampumzishe kwa amani. Amina.