Risala ya Mwaka wa Tatu, Kampasi ya Kilosa, Kuhusu Kufutwa kwa Somo la Ukaaji Kijijini

Mgeni rasmi, Profesa Optatus Kapinga, Makamu Mkuu wa Chuo na Mwenyekiti wa Seneti. Mkuu wa Kampasi yetu, Dokta Hildegarda. Mlezi wetu, Mwalimu Petro. Wazazi wetu wakulima mliotoka Tindiga na Mikumi. Wanafunzi wenzetu wote. Wakubwa shikamooni, na wenzetu hamjambo.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tatu, Stashahada ya Kilimo, tumefurahi kukuona mpaka wengine wetu chai ya asubuhi haikupita kooni. Anayesoma ni Devota, katibu wa darasa. Nimechaguliwa kwa sababu nina sauti, na Mwalimu Petro amenisihi nisiende mbio. Nitajitahidi. Tuna habari mpya kabisa, ya jana jioni, lakini Mwalimu Petro anasema risala ina mpangilio wake, kwa hiyo wewe utaisubiri na sisi tutaisubiri.

KARIBU KILOSA

Mgeni rasmi, tumesikia gari lako lilisimama pale Mikumi kusubiri tembo wavuke barabara. Pole sana na safari. Tumesikia pia kwamba dereva alitaka kupiga honi, wewe ukamkataza. Jambo hilo limejadiliwa bwenini hadi matroni akatuzimia taa. Tulisema, jamani, mtu anayewavumilia tembo, sisi atashindwa kutuvumilia?

Umekuja kutufungulia chumba cha kompyuta, na tunakushukuru kwa dhati. Tumeshachungulia dirishani. Zimefunikwa vitambaa vyeupe kama maharusi, na kila mtu ameshachagua ya kwake.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Kampasi hii ilianzia katika majengo yaliyokuwa ofisi za shamba la mkonge. Shamba lilipofungwa, Chuo kikapewa nyumba, na wajukuu wa manamba waliokata ule mkonge ndio leo wanatuuzia vitumbua getini. Tangu mwanzo kampasi ilikuwa na kitu ambacho makao makuu hawana, nacho ni somo la Ukaaji Kijijini. Muhula mzima mwanafunzi anahamia kwa mkulima. Anapewa kipande cha shamba, analala kwa mwenyeji wake, anakula anachokula mwenyeji. Mwisho, nusu ya alama anatoa mhadhiri na nusu anatoa mkulima. Wanaokwenda Tindiga wanalima mpunga. Wanaokwenda Mikumi wanalima mahindi na kukesha wakifukuza nguruwe pori.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo. Mwaka huu darasa letu lote lilikwenda kijijini na hakuna aliyetoroka, hata wale wa kutoka Dar es Salaam waliokuja na viatu vyeupe. Mwenzetu Samweli sasa anajua kukamua ng'ombe, ingawa ng'ombe mwenyewe bado hajamkubali.

Tumeona pia jinsi soko huria linavyofanya kazi. Zamani ushirika ulisubiri mpunga uvunwe. Siku hizi mfanyabiashara anakuja na lori mpunga ukiwa bado kijani, anaununua ukiwa umesimama shambani, na mwenyeji wetu anabaki kulinda mali ya mtu. Tulijifunza hilo tukiwa tumesimama topeni.

Na mwenzetu Verdiana, mama wa mtoto mmoja, ambaye mume wake amepunguzwa kazi reli, ameahidiwa nafasi kwenye mashamba ya mbegu kule Kilangali. Nafasi inamsubiri, mradi amalize mwaka huu. Tunaomba umkumbuke Verdiana tunapoingia sehemu inayofuata.

TATIZO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba tuseme kwa adabu.

Mwezi Aprili Seneti ilikaa. Sisi tulikuwa vijijini. Mwakilishi wetu, Lupakisyo, alisafiri mpaka makao makuu kuhudhuria, na shati lake tulilichangia sote. Kama unavyojua kuliko sisi, kuna utaratibu wa siku zote kwamba ikifika ajenda ya matokeo ya mitihani, wajumbe wanafunzi wanatoka nje, kwa sababu si vizuri mtu kusikiliza alama za wenzake. Ajenda ikafika. Mwenyekiti ukasema, kwa upole kabisa, "Wanafunzi watupishe." Lupakisyo akainuka, akainamisha kichwa, akatupisha.

Nje kulikuwa na chai na maandazi. Mama wa jikoni akamuuliza, "Na wewe baba, umefukuzwa?"

"Hapana mama, tumepumzishwa."

"Basi pumzika na la pili."

Alipoitwa kurudi ndani, kikao kilikuwa kwenye mengineyo. Akarudi Tindiga na tabasamu. Tukamzunguka.

"Lupa, vipi huko?"

"Shwari. Kilosa hatukutajwa kabisa."

Tulicheza ngoma siku ile, Mgeni rasmi. Bibi Marselina, mwenyeji wangu, alituchinjia jogoo.

Baada ya wiki mbili tangazo likabandikwa ubaoni. Somo la Ukaaji Kijijini limefutwa, na mahali pake limewekwa somo la Masoko na Ujasiriamali, kuanzia mwaka huu wa masomo, wanaoendelea wakiwemo. Mpunga ulikuwa umetufika magotini tukaambiwa somo halipo. Mpunga wenyewe haukuambiwa.

"Lupakisyo! Wewe si ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani. Ila wakati huo nilikuwa nje."

Tangu siku hiyo tunamwita Mheshimiwa Chai, na yeye anaitika, lakini hacheki.

Tuliuliza, na Dokta Hildegarda akatueleza vizuri. Mabadiliko ya mtaala yana njia yake. Yanaanza idarani, yanapanda Bodi ya Kampasi, yanakwenda Kamati ya Mitaala, ndipo yanafika Seneti, na huko kote mwanafunzi anakaa kwenye kiti chake na kusema. Hili letu halikupita njia hiyo. Lilitoka Kamati ya Mitihani, likaletwa pamoja na matokeo, likapitishwa pamoja na matokeo. Hatusemi kuna mtu alificha kitu. Tunasema tu kwamba lilipita mlango ambao sisi, kwa heshima, tunautumia kutokea.

Matokeo yake ni haya. Somo jipya halina mwalimu hapa Kilosa. Litafundishwa makao makuu, na madarasa yake yataanza mwakani. Asiyelisoma hahitimu. Maana yake darasa zima hatuvai joho Novemba, tunarudia mwaka kwa ajili ya somo moja, na nafasi ya Verdiana anapewa mwingine.

NA KAMATI YA MITIHANI ILIKUWA NA HAKI

Mwalimu Petro aliposoma kichwa hiki aliniuliza kama nina homa. Lakini tulikubaliana darasani tuseme ukweli wote.

Kamati ilisema alama za wakulima haziaminiki, kwa sababu tangu somo lianze hakuna mwanafunzi aliyepata chini ya A kwa mkulima wake. Tulikasirika, kisha tukaenda kuwauliza wenyeji wetu. Bibi Marselina alinijibu mbele ya watu:

"Mwanangu, wewe unalala kwangu. Unachota maji na wajukuu zangu. Kwenye msiba wa kaka yangu umesonga ugali mpaka mikono ikavimba. Halafu nikuandikie C? Nitakutazama usoni namna gani?"

"Lakini bibi, mistari yangu ya mpunga uliiona?"

"Niliiona. Imepinda kama njia ya mlevi."

"Na kwenye alama za awali ukanipa A."

"Nilikupa A ya ugali."

Kwa hiyo Kamati haikukosea kuona ugonjwa. Sisi tunaona ilikosea dawa.

HABARI YENYEWE

Sasa Mwalimu Petro ameniruhusu. Mgeni rasmi, wakulima wameunda kamati!

Hakuna aliyewatuma. Mzee Beda wa Mikumi ndiye aliyeanza. Alisema, kama shida ni kwamba mtu hawezi kumpa mtoto wake alama ndogo, basi kila mtu amsahihishe mtoto wa mwenzake. Watu wa Tindiga waliposikia wakasema Mikumi hawawezi kuwazidi akili. Mwezi Mei, kabla ya kuvuna, wakapita shamba kwa shamba, Tindiga wenyewe kwa wenyewe na Mikumi wenyewe kwa wenyewe, mwenye mwanafunzi haruhusiwi kusema kwenye shamba la mwanafunzi wake. Na wakakubaliana, tena hili hatukuwafundisha, kwamba likifikiwa shamba la mwanafunzi wako unakaa palepale na kusikiliza, ila mdomo unaufunga. Bibi Marselina aliufunga mdomo kwenye shamba langu mpaka akatoa machozi. Wenzake wakamtania, "Leo ugali haupo!"

Jana jioni walikuja hapa kampasi wote, wa Tindiga na wa Mikumi, wakakaa na wahadhiri wetu katika ukumbi huuhuu, na alama zikasomwa. A zimebaki chache. B zipo nyingi. C zipo. Samweli amefeli na atarudia shamba lake wakati wa likizo. Tayari amempigia magoti mwenyeji wake, na mwenyeji amemwambia akapige magoti kwenye palizi. Mimi ninayesoma nimeshuka kutoka A hadi C, na bado nimekubali kusoma. Verdiana amepata B ya haki, na amelia kuliko aliyefeli.

Dokta Hildegarda ametuambia alama hizo bado hazina pa kwenda, kwa sababu somo lenyewe halipo. Hapo ndipo tulipofika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukatai somo la Masoko na Ujasiriamali. Nyakati zimebadilika na tumewaona wenye malori kwa macho yetu. Lisomeshwe, na ikiwezekana lisomeshewe kulekule Tindiga, mpunga ukiwa kijani.

Tunaomba suala hili lirudishwe Kamati ya Mitaala, lipite njia yake, na kamati ikae kabla ya Seneti ya Septemba. Tukichelewa hapo, Novemba imepita.

Tunaomba tulioanza na mtaala wa zamani tumalize na mtaala wa zamani, na hizi alama za jana zipokelewe jinsi zilivyo, na C zake.

Tunaomba mkulima mmoja aalikwe kwenye Bodi ya Kampasi somo hili linapojadiliwa. Bibi Marselina anasema yeye hawezi kwa sababu ya mgongo, lakini ameshauliza kikao kinaanza saa ngapi.

Na tunaomba utaratibu wa kutoka nje ubaki kwa ajili ya matokeo, kama ulivyo. Ila jambo la mtaala likiletwa ndani ya matokeo, likatwe, liwekwe ajenda ya peke yake, na sisi tuitwe turudi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tumesema mengi na palipozidi tunaomba radhi. Mwenyezi Mungu akujalie afya, awalinde wa nyumbani kwako, na utakaporudi kupitia Mikumi tembo nao wakumbuke kukupisha.

Karibu sasa utujibu. Lupakisyo huwa anakaa karibu na mlango, ndiyo mazoea yake. Leo tumemhamisha. Yupo kiti cha mbele, mkono wako wa kushoto, mwenye lile shati letu. Chai ameshakunywa, na mlango tumeufunga.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwaka wa Tatu, Stashahada ya Kilimo,
Kampasi ya Kilosa.