Theluji ya Sondu na Sauti ya Mama Achola

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Griffins Oduor, Mkurugenzi wa Mfuko wa Filamu za Watoto wa Kando ya Ziwa, chifu wetu, wazazi na walimu, akina mama wa samaki mliofunika makarai yenu mapema ili mje, na ninyi watoto wa Dunga, ambao filamu imekwisha, taa zimewashwa, mapazia yamefunguliwa, na bado mmekalia viti vyenu kimya kama mnangoja uji: hamjambo nyote.

Sisi ni wachoraji, watia rangi na mafundi wa sauti wa Kikundi cha Katuni cha Siwindhe, jina la nyumba ya nyanya ambamo watoto wa Kijaluo husimuliwa ngano. Risala hii inasomwa na Wamaitha, mchoraji wetu mkuu. Tulimchagua kwa kuwa kati yetu ni yeye tu anayeweza kuisoma bila kulia wala kuangua kicheko.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu Dunga. Tunajua Milimani si mbali, lakini tunajua pia kwamba mtu mwenye majukumu kama yako hata chooni kwake hufika kwa ratiba. Hii ni mara yako ya tatu kututembelea. Mara mbili za kwanza ulitubadilisha sana, hata leo tulipoliona gari lako langoni, Kageha, mtia rangi wetu, aliufunika uso kwa mikono. Ilikuwa furaha.

Kuhusu watoto hawa ambao hawajainuka, tunakuomba usiwapigie makofi kwanza. Siku ya onyesho la majaribio uliwaona wameketi hivi hivi, ukawaambia wanahabari kwamba filamu imewanasa vitini na kwamba wanadai sehemu ya pili. Tuliisoma habari hiyo gazetini tukatazamana. Kinachowaketisha tutakieleza, ila kila jambo na mahali pake. Soda yako iko hapo upande wako wa kulia.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzia kwenye karai la mafuta, ingawa katika maombi yetu kwa Mfuko tuliandika kwamba kilianzia kwenye maono. Mama Achola, yule aliyeketi safu ya tatu na kitambaa cha kijani shingoni, hukaanga samaki hapa ufukweni. Siku moja Wamaitha alikwenda kununua ngege wa chakula cha mchana. Mafuta yalikuwa bado hayajashika moto, na Mama Achola, ambaye mteja hamponyoki hivi hivi, akaanza kumsimulia ngano ili amzuie. Mafuta yakashika moto, samaki akaiva, akaungua, na Wamaitha bado amesimama pale amekodoa macho. Alilipia samaki wake aliyegeuka makaa, akaja kutuambia kwamba amepata filamu.

Ngano yenyewe ni hii. Katika Mto Sondu kuna zimwi linalokula sauti za watu. Linameza sauti ya mama wa msichana aitwaye Adongo, na Adongo, ambaye kazi yake siku zote ilikuwa kunyamazishwa, anakwenda kuidai. Hana upanga, hana uganga. Ana mdomo tu. Lazima auombe mto umpishe, na mto ni mkali, unataka kila anayevuka auambie jambo moja la kweli ambalo hajawahi kumwambia mtu. Basi.

Mama Achola alikubali kuisimulia kwa masharti. Ngano haisimuliwi mchana. Mtoto akisikia ngano jua likiwaka, hakui, anabaki hivyo hivyo kama kigoda. Na sisi studio yetu tunaipata mchana tu. Sydney, fundi wetu wa sauti, alimweleza kwamba mashine haijui mchana wala usiku. Mama Achola alimtazama kwa huruma.

“Wewe Sydney, hiyo dirisha iko wazi,” akamwambia. “Mimi siwezi toa hadithi na jua inaniangalia.”

Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Tukazima taa. Tukakaa gizani sakafuni, watu wazima wenye vyeti, tukitoka jasho ndani ya nyumba ya bati, na Mama Achola akaanza. Hatukudhani tungeogopa zimwi ambalo sisi wenyewe ndio tulikuwa tunalichora. Tuliliogopa. Kageha alimshika Sydney mkono, na yaliyofuata kati ya hao wawili hayahusu Mfuko.

Si kwamba Mama Achola hakosei. Alitugombeza kwamba zimwi lisiwe kijani kwa sababu kijani ni rangi ya kitambaa chake. Aling'ang'ania sungura awemo, na sungura hana kazi yoyote katika ngano ile. Alilala fofofo tulipomwonyesha michoro ya kwanza. Lakini tulipomuuliza kama zimwi si la kutisha mno, alitupa jibu ambalo tuliliandika ukutani, na ambalo wewe Mheshimiwa uliagiza lifutwe kwa kuwa ukuta wa studio unatakiwa uwe na nembo ya Mfuko: “Mtoto lazima aogope kiasi. Asipoogopa, ukimshika mkono hasikii kitu.”

MAFANIKIO, AMBAYO MENGI NI YAKO

Mheshimiwa, hatuna mdomo wa kukushukuru kwa ushauri wako. Tuliupokea wote. Anayetoa pesa hupewa na kiti cha mbele.

Ulisema filamu za ngano zinazotamba duniani zina theluji. Tuliweka theluji. Sasa inaanguka Sondu, juu ya mihogo, juu ya ng'ombe, juu ya mzee mmoja anayeota jua. Tuligundua jambo dogo baadaye: mto ukiganda, msichana anavuka tu kwa miguu. Hauombi umpishe. Hasemi ukweli wowote. Hadithi nzima ilikwisha kabla watoto hawajamaliza njugu zao, ikatubidi tuongeze nyimbo. Kwa bahati nzuri ulikuwa umeshauri pia nyimbo ziongezwe. Adongo sasa anaimba akiamka, anaimba akichota maji, na anaimba akiliona zimwi, na zimwi kwa adabu zake linangoja amalize.

Ulisema zimwi linatisha. Tulilifanya lisitishe. Lina mashavu, lina kope, lilionewa utotoni. Halili sauti tena, linaziazima. Ulisema litauzika kama mwanasesere, na kweli, mwanasesere tunaye, yuko pale mezani, na mtoto mmoja amemtumia asubuhi hii kupangusa kamasi.

Ulisema awepo mwana wa mfalme. Yupo. Hatujui kaingilia wapi. Anatokea karibu na mwisho akiwa amepanda farasi, huko Nyakach, kando ya Mto Sondu, na hakuna hata mbwa anayembwekea. Ngome tulimjengea nyuma ya duka la kusaga mahindi, maana hapo ndipo palikuwa na nafasi kwenye mchoro.

Kwa haya yote filamu yetu sasa inafanana na filamu zingine zote, na kufanana, ulitufundisha, ndiyo soko. Tunajifunza. Lakini tulijifunza na jambo jingine tukiwa pale gizani nyuma ya mablanketi, nalo tunalitaja kwa heshima. Filamu ya ngano hupendwa pale mtoto anapoamini kwamba msichana anaweza kushindwa. Theluji inaweza kuwepo, farasi anaweza kuwepo, hata sungura wa Mama Achola. Lakini mto usipoweza kumzuia mtu, hakuna aliyevuka.

CHANGAMOTO

Tuna moja tu. Hali ya choo cha studio tumeiacha, ingawa ipo.

Mheshimiwa, siku ulipokuja studio mara ya kwanza, tulikuwekea sauti ya Mama Achola usikilize. Mama Achola alikuwa ameketi nyuma yako kwenye kiti cha plastiki. Ulidhani ni mama wa chai, na si kosa, maana alikupa chai. Ulisikiliza kidogo, ukatikisa kichwa, ukasema maneno haya: “Hii sauti inanuka samaki. Tafuteni ya kisasa.”

Mama Achola alichukua kikombe chako kilichokuwa tupu, akakisuuza, akatoka. Alipofika nje alimuuliza Kageha kama kweli sauti hunuka. Kageha alimwambia hapana, Mama. Akauliza tena. Mwanamke yule ambaye hugombana na wavuvi hadi wamwachie samaki bure, siku ile alijinusa mikono mbele yetu, na sisi tulimwona, na hatukufanya lolote. Tuliumia, Mheshimiwa. Tunasema waziwazi kwa sababu kwa mafumbo hutatusikia.

Ukatuletea mtangazaji kutoka Nairobi. Ana sauti nzuri, laini, isiyo na samaki hata mmoja. Anatamka Sondu kama jina la manukato. Alirekodi mchana, madirisha wazi, simu mkononi, akamaliza kabla ya chakula. Sauti yake ndiyo mliyoisikia leo.

Sasa, kuna jambo ambalo hukulijua, nasi hatukukuambia kwa sababu barua zetu kwako hujibiwa na barua nyingine inayosema barua zetu zimepokelewa. Mama Achola alipomaliza kurekodi, koo lake lilikuwa limeanza kuvimba. Alifanyiwa upasuaji. Tunamshukuru Mungu yuko hai, anakula, anakaanga, anaibia watu chenji kama zamani. Lakini sauti haikurudi. Kile kitambaa cha kijani, alichokuwa akijifunga kichwani, sasa kinafunika mshono. Alichobaki nacho ni mnong'ono, na wateja humwinamia ili wamsikie bei.

Sauti yake, Mheshimiwa, iko mahali pamoja tu duniani. Iko ndani ya kompyuta ya Sydney, ile pale kando ya jukwaa. Sisi hatumfananishi mtu yeyote na zimwi la Sondu. Ngano ni ngano.

Na sasa kuhusu watoto. Nyumbani kwa Mama Achola ngano ikianza, hakuna anayeinuka mpaka ifungwe. Msimulizi lazima aseme: “Thu tinda, imeishia hapo, nami nikue nifike urefu wa mti wa kwa mjomba.” Ukiinuka kabla ya maneno hayo, huo urefu umeuacha kwenye kiti. Watoto wote wa ufukwe huu wamekua chini ya sheria hiyo, na maneno hayo yalikuwa mwisho wa filamu yetu. Uliagiza yaondolewe, kwamba ni ya kienyeji, mahali pake tuweke arusi na fataki.

Siku ya majaribio, fataki zilikwisha, watoto wakabaki. Wewe ulipiga makofi ukaondoka ukiwa umefurahi. Sisi tulibaki nao, wazazi wakaanza kuchungulia mlangoni, mwalimu akawaamuru watoke, hawakutoka, mmoja akajikojolea hapo hapo. Hatukuelewa. Sisi wenye vyeti tuliona kwamba mitambo imewachosha macho. Mama Achola ndiye aliyesimama. Hakuwa na sauti ya kufika hata benchi la pili, kwa hiyo akaenda benchi moja baada ya jingine, akiinama na kunong'ona, na kila benchi aliloliinamia likasimama likatoka, mpaka ukumbi ukawa mtupu. Alipomaliza alikuwa amechoka, akakaa chini sakafuni, na Wamaitha akakaa naye.

Daktari amemkataza kurudia kunong'ona hivyo. Leo hataweza kuwainua.

OMBI

Tuliandaa maombi mengi. Tumeyakata yote. Choo kingoje.

Kesho filamu hii inapelekwa kwenye majumba ya sinema, na ni sahihi yako tu inayosema ni nakala ipi iende. Nakala ziko mbili. Ya pili tuliificha, na kwa hilo unaweza kutufukuza. Ndani yake mto haujaganda, zimwi lina meno, mwana wa mfalme hajazaliwa, na anayesimulia tangu mwanzo hadi mwisho ni Mama Achola, kwa sauti inayonuka chochote inachonuka. Tunaomba hiyo ndiyo iende.

Hatuombi ujibu kwa hotuba. Sydney amekaa pale, kidole kiko juu ya kitufe. Akibonyeza, ukumbi huu utasikia maneno ya mwisho ya ngano kama Mama Achola alivyoyasema siku ile nyuma ya mablanketi, naye atajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu akatwe. Hajui kwamba tunaomba hivi. Amegeuka sasa kututazama, ameweka mkono kwenye kitambaa, na samahani, tulisema Wamaitha ni mtu wa kutolia, tulikosea.

Mheshimiwa, siku ulipozindua Mfuko ulitueleza kwamba ulilelewa na nyanya yako huko huko Sondu, na kwamba kila ulichonacho ni ngano zake. Tunakuamini. Wewe ni mtu mrefu. Uliponyanyuka kupokea shada, chifu alikufika begani. Basi kuna mtu aliyekufungia ngano zako zote, moja moja, kila jioni, asiache hata moja wazi.

Watoto wameketi. Akina mama wana samaki wa kukaanga kabla jua halijazama. Itikia kwa kichwa tu, Sydney anakuangalia.

Mungu akuzidishie afya na usikivu, awalinde waliosafiri na waliokuja kwa miguu, amrehemu nyanya yako mahali alipolala, na watoto hawa wakue wafike mti wa kwa mjomba, watakapoambiwa wainuke.

Ni sisi,
Kikundi cha Katuni cha Siwindhe,
Dunga, Kisumu.