Ippolito Serantoni, Aliyekataliwa Bila Kuuliza

Marehemu kaka yangu Ippolito Serantoni alishika kanuni moja tangu ujana wake: mtunzi wa soneti, yale mashairi ya mapenzi ya mistari kumi na minne, humsifu bibi anayempenda, hulia kwa kukataliwa naye, wala haendi kumposa. Kanuni hiyo hakuivunja hata mara moja.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1508 hapa Lucca, mtaa wa San Frediano, mtoto wa kwanza wa mzee Bartolomeo, mtia rangi hariri, na mama Caterina. Mikono ya baba yetu ilikuwa myekundu hata siku ya Pasaka, na Ippolito aliapa kwamba yake ingechafuliwa na wino tu. Alisoma Kilatini kwa padri wa parokia, kisha sheria mjini Pisa, akarudi mwaka 1530 kuwa mwandishi wa hati. Kwa miaka thelathini na minne aliwaandikia watu wa mji huu wosia na mikataba ya ndoa, wala hakuna hati yake iliyopingwa.

Jumapili ya Matawi mwaka 1531, Bibi Pellegrina Landucci, binti wa mfumaji hariri, aliangusha tawi lake la mzeituni mlangoni pa kanisa. Ippolito aliliokota.

"Asante, bwana," bibi alisema. "Sasa umeangusha lako."

Siku hiyohiyo alitunga soneti yake ya kwanza, na ndani yake bibi akawa barafu iliyomkataa.

Watunzi wa soneti wa mji huu, naye Ippolito akiwamo, walikutana kila Alhamisi nyuma ya duka la mwuza dawa. Mmoja wao, Camillo mfua dhahabu, alimposa bibi aliyemtungia, akakubaliwa. Alhamisi iliyofuata wenzake walimngojea.

"Wee Camillo, leo umeleta soneti au jibini ya mama mkwe?"

"Nimeleta jibini," alijibu, "na hamtaionja."

Hakurudi tena. Ippolito alicheka kuliko wote.

Ndoa hakufunga. Alitunga soneti mia mbili na kumi na mbili, zikanakiliwa na kusomwa hadi mji wa Pistoia. Jina la bibi hakuliandika, lakini mji wetu ni mdogo. Zote zilisema ana moyo wa jiwe, na watu wakaamini. Wachumba wawili walifika kwa baba yake, wakarudi nyuma. Mama wa mmoja alisema waziwazi sokoni, "Mwanangu hataoa mwanamke aliyemtesa mwenzake miaka tisa." Mimi nilimsifu kaka yangu kwa usafi wa mwenendo. Niliona ni upendo usiomdhuru mtu. Nilikosea.

Oktoba mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Siku ya tano Bibi Pellegrina alikuja na mkate wa zabibu kavu, akaketi kando ya kitanda. Nilikuwapo.

"Bwana Ippolito, nimezisoma zote. Nimekukataa mara mia mbili na kumi na mbili."

"Nisamehe, bibi."

"Ninachotafuta ni siku uliyoniuliza. Siikumbuki."

Marehemu alijiinua kwenye mto. Kisha akasema, "Ningeuliza, ungejibu nini?"

"Ningekuambia uzungumze na baba. Naye alikungoja mwaka mzima, kila ukipita anakusogezea kiti. Haya, kula mkate, unapoa."

Alikula kipande chote. Tangu siku ile hakuomba tena karatasi. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Novemba 1564, akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kupokea sakramenti.

Ameacha mdogo wake, mimi Vincenzo, shemeji yake Orsola, na watoto wetu watatu waliozoea kulala juu ya meza yake ya kuandikia. Hakuacha mke wala mtoto. Bibi Pellegrina Landucci ameketi hapa kanisani upande wa wanawake, safu ya nne. Ameomba jina lake lisomwe leo mbele ya watu, nami nimelisoma.

Mungu amlaze Ippolito pema, apumzike kwa amani. Kanuni aliishika. Ilimgharimu yeye nyumba yenye watu, na ilimgharimu Bibi Pellegrina miaka thelathini na mitatu.